Plasta Juu ya Kengele

Nilirudi kazini baada ya likizo ya majuma matatu, nikakuta plasta. Plasta ya hospitali, ile ya kufungia vidonda, imebandikwa tabaka nne juu ya kitundu cha kengele cha mashine ya kuhifadhi picha. Chini yake kengele ilikuwa bado inalia, kisauti chembamba kama cha mbu.

Mashine hiyo ndiyo kazi yangu. Kila picha ya eksirei inayopigwa hospitalini kwetu huandikwa kwenye diski mbili, pacha kabisa, ili moja ikifa nyingine ishike. Lakini diski huoza kimyakimya, doa hapa doa pale, wala hujui mpaka uisome. Ndiyo maana kila Jumapili mashine huzisoma zote mbili, mwanzo mpaka mwisho. Ikikuta doa hupiga kengele; mtu anakuja, anatoa diski mbovu, anaweka mpya, nayo inajazwa kutoka kwa pacha aliye mzima. Kazi ya nusu siku, chai ikiwemo.

"Nani kabandika hii?" nilimuuliza mkuu wa idara. Tulimwita Bwana Shwari, kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba kuna jambo lisilo shwari.

"Mimi. Ilikuwa inatupigia kelele kwenye mkutano na wageni. Mashine zako hizo, kulialia tu."

Nilifungua kumbukumbu za mashine. Diski ya pili ilikutwa na madoa Jumapili ya kwanza ya likizo yangu. Ya kwanza, iliyokuwa nzima, ilingoja majuma mawili mtu aje, hakuja mtu, ikafa; ikabaki ile ya madoa peke yake, na kilichoangukiwa na doa hakikuwa tena na pacha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba mdomo wa aliyeuona ufa! Hasira ilinipanda, na mpaka leo haijashuka.

Siku mbili nzima nilifuatilia doa mojamoja: liko wapi kwenye diski, limeangukia faili gani, faili ni ya mgonjwa gani. Zilikuwa zimepotea picha arobaini na moja. Kwenye ile ya ishirini na sita nilisoma jina mara tatu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilea. Picha ya mapafu, ya mwaka juzi.

"Arobaini na moja kati ya laki mbili?" Bwana Shwari alicheka. "Hiyo nayo hasara? Andika mfumo uko salama. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mkuu, hao ni watu."

"Basi wapigwe nyingine."

Wapigwe nyingine! Kana kwamba kuna mashine ya kupiga picha mwaka juzi. Niliorodhesha majina yote, nikampelekea mganga mkuu mkononi. Nikaambiwa nisubiri kamati.

Ugonjwa haujui kamati. Juma lilelile shangazi alikuja na kikohozi, akapigwa picha, daktari akaona kivimbe kwenye pafu la kulia.

"Ningekuwa na ile ya zamani ningelinganisha," daktari aliniambia. "Kama kilikuwepo na hakijakua, tungemwacha arudi zake nyumbani. Sasa sijui, na siwezi kubahatisha. Itabidi tupasue."

Walimpasua Alhamisi. Walichokuta ni kovu, kovu kavu la ugonjwa wa ujanani, lililokaa pale miaka nenda miaka rudi bila kumdhuru.

Nilimkuta wodini, ubavu umefungwa kwa plasta pana, ya aina ileile. Kila pumzi aliivuta kwa kuogopa. Bwana Shwari alikuwa ameshapita kumjulia hali, akamwambia mambo yote shwari.

"Mwanangu," shangazi alisema, "wameniambia hakukuwa na kitu. Sasa walinipasua kutafuta nini?"

"Picha, shangazi," nilimjibu. "Walikuwa wanatafuta picha."