Mafundo ya Mashoto

Ukitaka kumkasirisha bibi huyu, mwambie ndege haishonwi. Shemeji yake, dereva wa lori aliyestaafu, alimwambia hivyo kila walipokutana kwa miaka arobaini, na kila mara bibi alipandwa na mori kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Huo ulikuwa utani, alishauzoea. Kilichomkata maini ni habari ya mjukuu wake, binti wa miaka kumi na mmoja, aliyeandika insha shuleni kwamba bibi yake alikuwa fundi wa kushona ndege. Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya sentensi ile, akaandika: "Usitie chumvi." Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo binti hakuomba tena hadithi za karakana ya ndege alikofanya kazi bibi ujanani, na bibi, ambaye si mtu wa kunyamaza, alinyamaza.

Ndiyo maana aliposikia kwamba ile ndege ya mizigo ya injini mbili aliyowahi kuishona, ambayo namba yake ya ubavuni aliikumbuka hadi leo, imewekwa kwenye makumbusho ya ndege, alivaa viatu vyake vya kuendea harusi akawakokota wote wawili, mjukuu na shemeji.

"Twendeni," alisema. "Leo kuna mtu ataumbuka."

Banda lilikuwa kubwa, lenye ubaridi, likinuka rangi mpya. Ndege ilikaa katikati, pua juu, mkia chini, imesuguliwa mpaka inang'aa. Shemeji aliuzunguka ubavu wake, akaugonga kwa kidole kabla hajakatazwa.

"Ngo, ngo! Shemeji, umesikia? Hapa ulishona kwa nyundo?"

Mjukuu alicheka, kisha akajizuia. Bibi aliona kicheko, akaona na kule kujizuia, na hakujua kipi kilimuuma zaidi.

Mwongozaji wao, dada mmoja mwenye sare ya buluu, aliwapeleka nyuma ya mkia. Huko, juu ya meza, palikuwa na usukani wa mkia, lile bapa refu linalogeuza ndege kushoto na kulia. Upande mmoja ulikuwa umebanduliwa utepe ili watu waone ushonaji.

"Wengi hawajui," alisema mwongozaji, "lakini sehemu hii si ya bati. Ni fremu iliyovikwa kitambaa. Kitambaa kilishonewa kwenye fremu kwa mkono, fundo baada ya fundo, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza."

Shemeji alijikuna kisogo. "Kumbe."

"Kumbe," bibi akamrudishia.

"Haya, zilishonwa. Nani kasema ulishona wewe? Labda ulikuwa unafagia vitambaa."

Huyo ndiye shemeji. Hata ukimkaba koo hakubali kushindwa. Lakini bibi hakumjibu, maana macho yake yalikuwa yamenasa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kando ya safu moja ya mafundo. Kiliandikwa: "Mafundo yaliyopinduka. Kosa la fundi asiyejulikana."

Alikisoma mara mbili. Miaka yote hiyo alitamani kazi yake ionekane mahali, na sasa imeonekana, tena kama kosa! Damu ikamchemka.

"Kosa la nani?" aliuliza.

"Mama, mafundo mengine yote yamelala kulia, kama kitabu cha ufundi kinavyoelekeza. Ya safu hii yamelala kushoto. Wataalamu wetu hawaelewi yalipitaje kwenye ukaguzi."

"Yalipita kwa sababu msimamizi aliyavuta kwa mizani ya ndoano kupima uimara, yangu na ya wenzangu, karakana nzima ikitazama. Yangu hayakulegea. Akaniambia, 'Shona hivyo hivyo, Mashoto.' Ndilo jina waliloniita. Natumia mkono wa kushoto, mwanangu. Nipe uzi."

Mwongozaji alisita, kisha akatoa kwenye droo penseli ya kufungia na kipande cha uzi wenye nta. Vidole vya bibi vilikuwa vimevimba viungo, na havikuwa vimefunga fundo lile kwa zaidi ya miaka thelathini. Mara ya kwanza uzi uliteleza. Shemeji akafungua mdomo.

"Babu, subiri," alisema mjukuu.

Bibi akaanza upya. Akauzungusha uzi kwenye penseli, akapitisha chini, akarudisha, akakaza. Akaiweka penseli kando ya ile safu. Mwongozaji aliinama, akatazama penseli, akatazama kitambaa, akarudi kwenye penseli. Kisha akakibandua kile kikaratasi.

"Niandike nini badala yake, mama?"

"Andika yamelala kushoto kwa sababu fundi alikuwa wa kushoto. Na uandike kwamba yalishika."

Shemeji, kwa ubishi wake, aliichukua penseli akalivuta lile fundo, akavuta tena mpaka uso ukamwiva. Penseli ikakatika. Fundo likabaki vilevile.

Alivitazama vile vipande viwili vilivyoning'inia kwenye uzi. "Shemeji," alisema taratibu, "nimekuonea miaka mingi."

Bibi alikusudia kumjibu kwa jeuri, na jibu alikuwa nalo tayari. Lakini kundi la watoto wa shule lilikuwa limeingia, na mmoja wao akanyoosha mkono kuelekea mezani. Mjukuu akaruka mbele yake.

"Msiguse! Hii kaishona bibi yangu!"

Alisema kwa nguvu, banda zima likasikia, na bibi hakumwambia apunguze sauti.