Ile Ndefu, Yenye Sauti ya Mama

Mama alitokea kwenye filamu. Sisemi mkanda wa harusi, filamu hasa, ile ya mlinzi wa stesheni ambayo mpaka leo watu wazima wakiitaja wanashika kifua. Wageni walikuja kuipiga hapa kwetu kabla sijazaliwa. Mama alikuwa anauza maji stesheni, wakamwambia asimame palepale na ndoo yake. Mlinzi anamuuliza kitu kwa lugha yao, naye anamjibu kwa lugha yetu. Sentensi moja. Mama mdogo, aliyenilea, anasema ukumbi mzima ulipiga makofi.

Mama alifariki nikiwa bado natambaa. Picha zake tunazo. Sauti hatuna.

Ndiyo maana naijua filamu ile kuliko wauza mikanda wote. Nimeiona ya televisheni, ambayo watu wakikaribia kubusiana ghafla unaonyeshwa ndege wanaruka. Nimeiona ambayo mlinzi anakufa, na nyingine ambayo anazinduka na kuoa. Zote zinaruka mahali pamoja: mlinzi anafungua geti la stesheni, kufumba na kufumbua yumo ndani ya treni. Kipande cha mama kimo kwenye ile ndefu tu, iliyoonyeshwa ukumbini kabla hawajaipunguza.

Mimi nina aibu. Hata kuuliza bei ya chumvi nafanya mazoezi njiani. Lakini kwa ajili ya ile ndefu nilibisha hodi kwa watu nisiowajua, mpaka nikafika kwa mjane wa mzee aliyekuwa akiendesha mashine za sinema pale ukumbini. Akavuta mkanda wa video, ile ndefu aliyoinakili marehemu, kutoka chini ya kitanda, umeviringishwa kwenye shuka ya mtoto.

"Marehemu aliupenda kuliko mimi," akasema. "Chukua, uniondokee naye."

Mkanda ulikuwa umeota ukungu. Niliogopa kuucheza, deki isije ikautafuna. Nikaupeleka kwa Spika.

Spika ndiye anayetafsiri filamu za kigeni hapa mtaani. Chumba chake amekibandika trei za mayai ukutani, maikrofoni ameivisha soksi, na humo anamsemea kila mtu, kuanzia jambazi mpaka farasi.

"Naomba uusafishe, unitolee nakala," nikasema.

"Paza sauti, binti! Hapa maneno hatupimi kwa kijiko."

"Nakala tu, mjomba."

"Nakala tu! Kwani mimi fotokopi?"

Wateja wakaangua kicheko. Nilisema pia kwamba mama yangu yumo, lakini nilisema wakiwa wanacheka.

Niliporudi, Spika alinivutia kiti mwenyewe. "Kaa. Hii nimekufanyia kwa mapenzi."

Akawasha. Picha ilikuwa safi. Mlinzi akafungua geti, na safari hii haikuruka. Mama akatokea, mwembamba, ndoo miguuni, paji la uso kama langu. Mlinzi akamuuliza. Mama akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Spika: "Kunywa baba, ila ndoo uniachie!"

Watu wakapiga mapaja kwa kucheka.

"Ya mwanzo iko wapi?" nikauliza.

"Ya mwanzo ipi?"

"Sauti yake."

Akanionyesha kitufe kwenye deki. Ukikibonyeza picha inabaki, sauti ya zamani inafutika, unaweka yako. Sauti yake huiweka kwanza kwenye mkanda wenyewe ulioletwa, ndipo atoe nakala. "Ndivyo tunavyozifanya zote, mwanangu. Nani atakaa saa tatu anasikiliza lugha asiyoijua?"

"Yule ni mama yangu."

Spika akavua kofia. Wateja nao wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Nilimsikia," akasema. "Kwenye spika za masikioni. Nikashangaa, huyu mbona anaongea kama sisi? Alisema… maji haya… Au treni imeshaondoka. Mwanangu, nilikuwa nasubiri amalize niingize yangu."

"Sauti yake ilikuwaje?"

Akafikiri, akaipindapinda kofia mikononi.

"Ya mwanamke," akasema. "Nzuri."

Katika filamu nzima ile ndiyo ilikuwa sentensi pekee isiyohitaji mtafsiri. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema asante, mjomba, nikachukua mkanda.

Nyumbani mama mdogo alikuwa ameazima deki kwa jirani na amevaa gauni lake la kutokea. Sikuweza kumwambia. Nikaweka mkanda, nikakaa nyuma yake.

Dada yake alipotokea alinyoosha mkono hadi kwenye kioo cha televisheni. Halafu akanigeukia.

"Mbona dada ana sauti ya mwanamume?"

Nikamweleza. Hakulia. Aliniambia nipunguze sauti mpaka iishe, nirudishe nyuma. Mama akafungua mdomo, kimya, na mama mdogo akamsemea: "Karibu maji, kaka." Midomo ya mama ilikuwa bado inaendelea.

"Sivyo," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Akajaribu: "Kunywa, treni haikungojei." Hiyo nayo ikazidi kidogo midomo ya mama.

"Niliisikia kwa masikio yangu haya," akasema. "Rudisha tena, mama."

Nikarudisha.