Sanduku la Chuma Katikati ya Korongo

Sanduku langu la zana ni la chuma, lina droo nne, na likijaa, wanaume wawili hulibeba huku wamekunja sura. Nilinunua zito kwa makusudi. Lile la plastiki lilidumu msimu mmoja. Barabara ya kushuka Yaeda Chini ililipasua pembe, droo zikachomoka, soketi zangu zikamwagika njiani kama mbegu. Mume wangu Hilary aliposema hili jipya limezidi uzito, nilimjibu kwamba kitu kizito hakirukiruki kwenye mashimo wala hakichukuliwi na mpita njia. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga, nina diploma ya ufundi mitambo, na sikuona haja ya kuendelea kubishana.

Siku ile shule zilikuwa zimefungwa. Nilimchukua binti yangu Jenifa, mwenye miaka tisa, tukaondoka Endagikot asubuhi kwa toyo, pikipiki yangu ya matairi matatu yenye bodi ya mizigo nyuma. Sanduku nililifunga kamba kwenye bodi, Jenifa akakaa juu yake. Mashine ya Yaeda Chini ilikuwa imekufa, na watu kule walishachoka kula mahindi ya kuchemsha.

Korongo la mwisho halikuwa na tone la maji. Mchanga mtupu, mpana. Watu wa bondeni wana utaratibu wao pale: unashusha mzigo, unavusha chombo kitupu, ndipo unarudi kuubeba mzigo kwa mikono. Kwenye ukingo wa pili alisimama Tluway, mfugaji tunayefahamiana, akiangalia mbuzi wake.

"Mama Jenifa, shusha mzigo kwanza!" alipaza sauti.

"Nitakushusha wewe! Kuna watu wananisubiri."

"Haya, pita. Utanikuta hapa hapa nikikucheka."

Nilipita. Katikati ya korongo matairi ya nyuma yalididimia, nikaongeza moto, yakadidimia zaidi mpaka ekseli ikalala kwenye mchanga. Tluway alicheka hadi akaegemea fimbo.

"Umebeba nini humo, mama? Ng'ombe mzima?"

"Njoo ulibebe, acha mdomo."

"Nakuja. Lakini chai utanunua wewe."

Jenifa alishuka, akaanza kuchora mchangani kwa kidole. Nilikuwa nimeshafungua kamba za sanduku niliposikia kwato. Mbuzi walikuwa wanakimbia kulipa korongo mgongo, wote kwa pamoja, na hakuna aliyewafukuza. Tluway aliacha kucheka. Aligeuza uso kuelekea milimani, ambako wingu lilikuwa jeusi. Huku chini tulikuwa na jua kali. Kisha nikasikia mvumo, kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo. Hakuna lori linalopita kule.

"Tokeni!" Tluway alipiga kelele. "Acha vyote! Tokeni!"

Nilimshika Jenifa mkono na kutazama kingo. Zote mbili zilikuwa mbali. Kwenye kona ya juu maji yalishatokeza, ya kahawia, yakisukuma magogo na mchanga mbele yake. Nilimrusha mtoto kwenye bodi ya toyo, nikapanda nyuma yake.

"Simama juu ya sanduku! Nishike kichwa!"

"Mama, maji!"

"Nayaona! Shika!"

Yalitupiga ubavuni. Toyo ilitikisika, ikalalama, lakini matairi yalikuwa yamezikwa na hayakung'oka. Maji yakanifika magotini, kisha mapajani. Nilikumbatia miguu ya Jenifa na kumwambia sanduku ni zito, haliendi popote. Nilimwambia kwa sauti ya kumgombeza ili asisikie jinsi meno yangu yalivyokuwa yanagongana.

"Mama, linatembea."

"Halitembei."

"Linatembea, mama!"

Lilikuwa linatembea. Pembe moja iliinuka, ikashuka, ikainuka tena. Lilisogea taratibu kuelekea ukingo wa bodi, ule ambao maji yalikuwa yanaelekea. Nilisukuma kwa nyonga, likanisukuma mimi. Chuma kile, na nyundo na spana zote zile, lilikuwa jepesi kama debe.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Vumbi la Yaeda ni laini kama unga na lilikuwa linaniharibia beringi. Kwa hiyo nilikata tyubu ya baiskeli vipande vipande na kuzungushia kila droo kwa gundi ya viraka, nikabana mpaka nikaridhika. Hata vumbi lilishindwa kupenya. Nilikuwa nimetengeneza dumu lenye kizibo, na juu ya dumu hilo nimemsimamisha mwanangu.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu kwenye uzi. Droo zote zilizuiwa na ubapa mmoja wa chuma wenye kufuli, na kufuli sasa lilikuwa chini ya maji.

"Jenifa, nitainama. Usiachie nywele zangu. Hata nikilia, usiachie."

Niliinama mpaka maji yakanigusa kidevu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilipapasa kufuli, nikakosa tundu, nikakosa tena. Sanduku lilijigeuza nusu na Jenifa akapiga yowe moja refu masikioni mwangu. Ufunguo ukaingia. Nilivuta ubapa, nikashika droo ya chini, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Mpira uligoma, kisha ukaachia, na mapovu makubwa yakapanda usoni kwangu. Nilivuta ya pili. Ya tatu ikachomoka yote, na spana zikapita mguuni kwangu zikienda zao.

Sanduku likakaa. Nilihisi lilivyogonga bodi, kishindo kizito, likatulia kama limepigwa boliti.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi ya kufanya, na hapo ndipo hofu ilinikamata vizuri. Gogo lilipita karibu kiasi kwamba tawi lake liliniacha na damu shavuni. Maji yalipanda hadi kifuani kwangu, yakasimama. Nilikodolea macho kifungo kimoja cha shati la Jenifa, nikisubiri kulowana kwake. Hakikulowana.

Yalipopungua hadi mapajani, Tluway aliingia na wanaume wawili kutoka boma la jirani, wameshikana mikono mmoja nyuma ya mwingine. Hakutania. Alimchukua Jenifa begani, lakini ilibidi anifungue vidole vya mtoto nyweleni kimoja kimoja.

Ukingoni niligeuka. Sanduku lilikuwa pale pale, droo wazi. Soketi zangu zilikuwa kwenye droo ya juu, na pale nilipokuwa maji yalionekana kama yamechoka.

"Dakika moja," nilisema. "Nachukua droo ya juu tu."

"Milimani bado kweusi," Tluway alisema.

Jenifa alishika kitenge changu kwa mikono miwili. "Halafu ukichukuliwa, mimi nitafika nyumbani na nani?"

Nilikaa chini kwenye mawe, nikamshika kifundo cha mguu, nikakibana.

"Mama, unaniumiza."

Nilisikia. Sikuachia.