Mlima wa Vumbi

Huku nyuma ya Kayole kulikuwa flat, tambarare tupu. Kwari ikachimbwa, mawe mazuri yakaenda kujengea watu maploti, takataka ikabaki hapa: vumbi na changarawe, lori juu ya lori, mpaka jua la asubuhi likaanza kuchelewa kwa mlango wetu. Watu wa kanisa la mathe, mamangu, wengi wa kutoka vijiji vya magharibi, wakaona mlima. Nyumbani kwao watu huomba mlimani, na huku Eastlands milima hakuna. Wakajenga kibanda cha turubai huko juu.

Wenye kutengeneza bloku nao wanachota vumbi kutoka chini. Nani atapanda juu na jembe na chini ni rahisi?

Juzi baada ya mvua nikapanda. Kuna ufa unaanzia kibandani unakuja upande wetu. Mguu wangu uliingia mpaka goti.

"Mama, hiyo kitu inakuja," nikamwambia. Alikuwa anachambua mboga ya mrenda. "Twende kwa Anti Ayuma."

"Ayuma ana chumba kimoja na maneno ya kujaza ploti nzima."

"Utazikwa hapa bure."

"Mulongo, huo mlima tumeuombea."

"Si Mungu alileta huo mlima. Ni lori."

"Shule uliacha, mdomo ukabaki nao."

Jana mawingu yakajikusanya tena. Yeye akapanda kuomba na wenzake. Nikachukua nyundo, nikang'oa mabati ya nyumba yetu. Bila mabati atalala wapi? Lazima aende kwa Anti. Jirani yetu Chege akauliza nimevuta nini. Nikamwambia ang'oe mabati yake pia. Akacheka, akarudi kwa TV.

Mathe akashuka, akaingia, akasimama akiangalia mawingu kutoka ndani ya nyumba yake. Akakunja blanketi, akachukua Biblia na sufuria ya mrenda.

"Kwa Anti?" nikauliza.

"Kibandani. Huko si kuna paa?"

"Mama, ufa unaanzia hapo."

"Si wewe umesema chini ndio kunaua?"

Akaanza kupanda. Mvua nayo ikaanza. Nikajaribu kurudisha mabati haraka, lakini misumari yote ilikuwa imepinda. Nikamwita. Hakugeuka. Nikatupa nyundo, nikajitwika godoro lake, nikamfuata, na vumbi chini ya miguu yangu lilikuwa limeshaanza kuwa uji.