Mijozi ya Vukadin

Gari la marehemu Vukadin lilikuwa na tabia moja iliyowashinda wote nyumbani. Likitumwa kinu cha unga, lilikwenda. Likitumwa kuni, lilikwenda. Likipakiwa magunia ya pilipili hoho hadi matairi yakabonyea, lilikwenda vilevile, tena kwa mbwembwe. Lakini siku ikiwa na uzito, siku ambayo mtu amevaa shati la pasi na kujipaka manukato, gari liliteremka kilima vizuri, likapita kanisa, na pale barabara inapoanza kupanda kuelekea mjini likakohoa mara mbili tatu, likanyamaza kimya.

Lilinyamaza hivyo siku ya harusi ya binamu yao, wakafika watu wamekwisha kucheza na mkate wa harusi umeliwa. Lilinyamaza siku Zorica alipokwenda kujiandikisha masomo ya jioni. Na lilinyamaza, hili hakuna aliyependa kulitaja, siku ambayo Jana, binti mdogo wa Zorica, alikuwa akiweweseka kwa homa, Zorica akapanda mlima kwa miguu na mtoto kifuani mpaka lori la maziwa lilipowaokota.

Kila mara jirani alilivuta kwa trekta hadi kwa fundi Blagoje. Kila mara Blagoje alimaliza kwanza kahawa yake, akafungua kifuniko cha nyuma, maana injini ya gari hilo dogo ilikaa nyuma, akaingia ndani akazungusha ufunguo. Likawaka papo hapo.

"Sreten, ndugu yangu," Blagoje alimwambia mume wa Zorica mara ya mwisho, "gari lako halina ugonjwa. Lina maringo."

"Na maringo yanafunguliwa kwa spana namba ngapi?"

"Hiyo spana sina. Muulize mkeo, labda anayo."

Sreten alicheka kwa sababu Blagoje alikuwa rafiki yake.

Mama yake Sreten, Stamenka, alikuwa na maelezo yake. Alisema gari linamlilia mwenyewe. Enzi za Vukadin, mumewe, halikuwahi kumwacha mtu njiani; tangu azikwe, hasa tangu Sreten abomoe kile kilango chembamba akaweka lango pana ili gari lilale uani, limekuwa kama mbwa aliyefiwa na bwana wake. Sreten alipomsikia alitazama dari. Zorica hakutazama dari. Yeye mwenyewe gari hilo lilikuwa limemzimikia, na asubuhi yake akaliona likienda kinuni kwa furaha kama linakwenda ngomani. Akashindwa kumcheka mzee.

Jioni moja mwanzoni mwa Septemba, supu ya maharagwe ikiwa mezani, Sreten aliweka kijiko chini.

"Tuamue leo. Ama tulitengeneze mara ya mwisho, injini nzima ishushwe, ama tulizike. Kuna mtu mjini anauza lake, si jipya ila linaaminika. Zorica akipata ile kazi ya chekechea atapanda mlima huu kila siku, theluji ije isije. Siwezi kuwa kwenye machimbo ya mawe moyo wangu uko barabarani."

"Tulizike, halafu?" Zorica aliuliza polepole. "La huyo mtu tutalinunua kwa maharagwe?"

Hapo Stamenka, aliyekuwa akimkatia Jana mkate, akasema bila kuinua macho: "Kwa mijozi."

Sreten alimgeukia mama yake.

Mijozi ile, miti ya jozi, ilisimama nje ya lango, kando ya barabara, safu moja. Vukadin aliipanda mwaka aliooa. Mnunuzi wa mbao alikuwa akipita kila vuli, anaipapasa magome kama anapapasa farasi, na kila vuli Stamenka humpa kahawa na kijiko cha tini zilizopikwa kwa sukari, kisha humwonyesha njia ya kwenda zake.

"Mama, mijozi ni ya baba," Sreten alisema.

"Baba yako angekuwepo angeikata mwenyewe na kunipigia mimi kelele kwa kuchelewa kumpa shoka. Mti ni mti. Huyu," akaelekeza kisu cha mkate kwa Zorica, "amesoma miaka miwili usiku, mtoto akiwa amemlalia mapajani. Hatakwama kilimani. Nimekwisha kumtumia mtu wa mbao ujumbe. Jumamosi atakuja na msumeno."

 Zorica alikuwa amelelewa na shangazi kwenye mji wa kiwanda, katika chumba ambacho mtu alitoka na kuingia bila yeyote kuinua kichwa. Alipoolewa huku juu, asubuhi yake ya kwanza ya kwenda kutafuta kazi, alisikia nyuma yake chwaa, akageuka kwa hasira akidhani mtu anamwaga uchafu. Kumbe alikuwa mama mkwe na jagi. Huku juu humwagiwa maji nyuma anayekwenda kwenye jambo kubwa, ili njia yake iteleze kama maji. Zorica alikuwa na miaka ishirini na mbili, na hakuna mtu aliyewahi kummwagia hata tone. Siku ile alilia hadi kwenye kituo cha basi.

Usiku huo alimshika tu Stamenka mkono, akaubusu. Mzee akauvuta. "Kula, supu inapoa."

Alhamisi ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho. Sreten aliondoka alfajiri na lori la machimbo. Zorica alivaa blauzi yake nyeupe, akambusu Jana aliyekuwa bado kitandani, akalitoa gari taratibu. Kwenye kioo alimwona Stamenka amesimama uani na jagi lake la bluu. Siku kama hiyo hakumwaga tu, alirusha. Tangu zamani aliamini kwamba maji yakianguka mbali hayana kazi, lazima yamfikie msafiri. Alikusanya nguvu za mwili wake wote mfupi, na maji yakapiga mgongo wa gari kwa kishindo.

"Nenda na heri, mwanangu!"

Gari liliteremka. Likapita kanisa. Mlima ulipoanza, likakohoa.

"Usinifanyie hivi," Zorica aliliambia. "Leo hapana. Kesho nifanyie unavyotaka."

Likanyamaza.

Sreten siku kama hizo hupiga teke tairi, hutukana ukoo mzima wa waliolitengeneza, kisha huenda kutafuta trekta. Hakuwa mtu wa kuinama. Zorica hakuwa na trekta wala hakuwa na muda wa matusi, basi akashuka, akafungua kifuniko cha nyuma, akainama kutazama asichokijua. Kulikuwa na joto na harufu ya mafuta. Na kulikuwa na harufu nyingine, ya kanisani.

Akasogeza uso. Juu ya waya mmoja wa plagi, mpira wake umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, lilikuwa limeganda jani bichi la mrehani.

Stamenka huchovya kishada cha mrehani katika maji ya safari, kile anachokileta kutoka kwa padri. Zorica alitazama jani, akatazama kifuniko kilichofunguliwa juu ya kichwa chake: kimejaa matundu marefu ya kupitishia hewa, mithili ya kichujio. Matone yalikuwa bado yakining'inia. Nyaya zote zilikuwa zimelowa.

Akasimama pale kilimani, mkono mdomoni. Harusi. Kujiandikisha. Homa ya Jana. Na safari za kinuni, ambazo hakuna anayezimwagia maji, kwa sababu nani anaombea gunia la unga? Na Vukadin, aliyeliacha gari lake nje chini ya mijozi kwa vile kilango hakikulitosha, akamwagiwa maji kwenye visigino akielekea barabarani kwa miguu.

Alivua kitambaa chake cha kichwa, akafuta waya mmoja mmoja, akapuliza, akafuta tena. Jani akaliweka ndani ya kibweta cha kalamu. Gari likawaka kama lililokuwa likimsubiri yeye tu.

Mtihani aliufanya, na aliufanya vizuri. Alijua hilo kabla hajaweka kalamu chini. Lakini alipokuwa akirudi furaha ilikuwa imechanganyika na kitu kizito. Angeweza kusema ni nyaya. Si uongo: nyaya zilikuwa zimechakaa, Blagoje angezibadilisha kwa dakika chache na mambo yakaisha. Mijozi ingebaki. Na Stamenka asingejua kamwe kwamba siku ile ya homa ya mjukuu wake, aliyelizima gari ni yeye.

Alimkuta uani mbele ya jiko la kuni, anachoma pilipili hoho za kuhifadhi kwa ajili ya baridi, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Jana alikuwa akicheza na vikonyo. Zorica alivuta kigoda, akaanza kumenya.

"Umefaulu," Stamenka alisema. Hakuwa anauliza.

"Nadhani nimefaulu, mama. Na mama, usimlete yule mtu wa msumeno. Gari nimejua linaumwa nini. Ni nyaya. Zimepasuka, zikipata maji, umeme unakatika."

"Eh. Na Blagoje na masharubu yake yote hakuona?"

"Likifika kwake limekwisha kukauka."

Stamenka aligeuza pilipili mbili, tatu. "Maji gani? Mvua tuliiona mara ya mwisho sikukuu ya Petro mtakatifu, mwezi wa saba. Mahindi yamekufa yamesimama."

Zorica akamenya pilipili iliyokwisha kumenywa.

"Zorica. Maji gani?"

Akaona kwamba akijibu ni umande, mzee huyu atakubali kwa mdomo, kisha atakaa na neno hilo usiku kucha mpaka alifungue mwenyewe, peke yake. Akafuta mikono, akatoa kibweta, akamwekea jani kiganjani. Lilikuwa limenyauka, lakini lilinukia bado.

Stamenka alilitazama kwa muda mrefu. Akatazama lango pana. Akatazama gari, matundu yake ya nyuma. Pilipili zikaanza kuungua na hakuna aliyezigeuza.

"Hata siku ya homa ya Jana," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Zorica hakuwahi kuisikia kwake.

"Hata siku ile."

"Nilimwaga jagi zima. Nikarudi nikajaza la pili."

"Mimi ndiye niliyekuita, mama. Umesahau? Ulikuwa ndani unatafuta blanketi, nikakupigia kelele dirishani mwa gari, mama, maji, usituache twende hivihivi. La pili nililiomba mimi." Akamshika mkono ule mwekundu, na safari hii haukuvutwa. "Sikiliza. Mimi nimekua mahali ambapo ningeweza kutoka nisirudi mwaka mzima na mlango usijue. Wewe ukinimwagia maji, najua kuna mtu amesimama uani mpaka nirudi. Gari linazima, ndiyo. Lakini mimi sijawahi kukwama, tangu nije hapa. Sijui kama unanielewa."

"Nakuelewa," Stamenka alisema. "Unaongea kama redio, lakini nakuelewa." Akajifuta jicho kwa kiwiko, na pilipili ikamwingia, akaanza kulaani, Jana akaanza kucheka, na Zorica akakimbilia maji.

"Polepole na hayo maji," mzee alisema macho yakiwa yamefumba. "Mimi pia nina nyaya za zamani."

Sreten aliporudi na kusikia habari yote alikaa kwenye ngazi akacheka hadi akashika mbavu, kisha akaenda nje akasimama chini ya mijozi. Jozi zilikuwa zimeanza kupasua maganda. Aliokota moja, akairudisha chini. Ijumaa Blagoje alibadilisha nyaya na kile kikombe cheusi zinakotokea, akadai alishuku tangu mwanzo, wakamwacha aseme. Jumamosi mtu wa mbao alikuja na msumeno wake, akapewa kahawa, akapewa kijiko cha tini, akaonyeshwa njia.

Gari hawakulibadilisha. Lilikuwa bado kuukuu, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba, na lingekuja kuwaudhi kwa mengine. Ila walikuwa wamelijua.

Kazi ya chekechea Zorica aliipata, na Jumatatu aliyoianza kulikuwa na ukungu. Aliliwasha gari uani, akatoka nalo langoni, Stamenka akiwa mlangoni, mikono mitupu chini ya aproni, anamtazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu na asiyetaka kukidai. Zorica alisimamisha gari barabarani, chini ya mijozi, injini ikiunguruma. Akashuka. Akarudi hadi ngazini.

"Umesahau nini?" mzee aliuliza.

"Jagi liko wapi?"

Stamenka alimtazama. Kisha akaingia ndani upesi kuliko umri wake, na ndani kukasikika bomba linafunguliwa. Zorica akageuka, akaanza kutembea kuelekea langoni bila kuangalia nyuma, kama alivyokuwa akitembea Vukadin.

Maji yalimpata yote. Yaliingia viatuni, yakalowesha soksi hadi kwenye goti, baridi ya Septemba, na Jana dirishani akapiga makofi.

"Yamefika?" Stamenka aliita.

"Yamefika, mama."

Aliendesha akipita kanisa miguu ikitota kwenye pedali. Mlima ukaanza, gari likanguruma, likapanda. Kule chekechea, alipovua viatu ili vikauke, aliona jani la mrehani limemganda kisiginoni, akaliacha hapohapo.