Maji ya Kuondoa Shaka

“Vua hata pete,” alisema msimamizi wa birika la kuzamia, akinitupia kanzu nyeupe. “Marabi watashuhudia kichwa chako kikizama. Ndipo mtakapoandikiwa ndoa, wewe na Yirga wako.”

Nilimrudishia kanzu yake, nikatoka na nguo zangu mwilini.

Ukumbini alisimama baba yangu, Kesi Tegabe, kuhani wa kijiji chetu kule Gondari, nchi tuliyohama, kilemba kichwani na mwavuli mkononi. Mbele yake marabi wawili wa Ashkeloni walibishana juu yetu kana kwamba hatupo.

“Hawa ni Mayahudi,” alisema mzee Azulai. “Wakubwa wetu walikwisha kuamua.”

“Ni Mayahudi, ila kuna shaka,” akajibu Perlov. “Karne ngapi wametengwa na elimu yetu? Wakizamishwa, shaka itaondoka. Maji tu, bwana!”

Maji tu! Akatuambia sisi, wanawake tulioingia mtoni kujitakasa kila mwezi, hata asubuhi za baridi ya kukata mifupa. Akawaambia watu waliofukia watoto wao katika mchanga wa Sudani, wakaendelea na safari huku wakiliita jina la Yerusalemu. Maiti wale hakuna aliyewatilia shaka.

Baba akakohoa. “Rabi, shaka hii ni ya nani?”

“Ni yetu, mzee wangu.”

“Basi ogeni nyinyi.”

Azulai alikificha kicheko ndevuni. Perlov akaiva uso. “Bila birika, binti yako haolewi katika nchi hii!”

“Bibi yake aliolewa, wala hukualikwa.”

Perlov akashusha pumzi, akautwaa mkono wa baba kwa mikono yake miwili, kwa upole wa mtu anayemliwaza mgonjwa. Tukaondoka bila kuandikwa.

Kule Gondari majirani walitubandika jina, Msituguse. Kwani kwetu aliyegusana na mtu wa imani nyingine hakuvuka kizingiti kabla ya kuzama mtoni. Ashkeloni haina mto. Baba alinipa mwavuli, akateremka ufukweni, akaingia baharini na nguo zake zote hata kichwa kikapotea majini.

“Baba!” nilimwita alipoibuka. “Yule ni Myahudi mwenzetu!”

“Huenda,” alisema, akipangusa ndevu. “Ila kuna shaka.”

Wiki ileile akatufungisha ndoa yeye mwenyewe, mimi na Yirga, mbele ya jamaa zetu wote. Leo nina wajukuu. Kwa serikali, ningali mwanamwali.