Zamu ya Binti wa Mwalimu

Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano alijiwekea sheria: binti yake, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa pia mwanafunzi wake, asipendelewe hata chembe. Walimu wenzake walikuwa na midomo, naye aliiogopa. Basi kila kipindi cha kusoma kwa sauti, darasa zima likifunga vitabu limsikilize msomaji mmoja, binti aliinua mkono, na mama yake akauruka kama anayeruka dimbwi, akamchagua wa nyuma yake. Mwalimu mkuu alipomsifu kwa haki, alijibu, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Haki gani hiyo, ya kumdhulumu wa nyumbani ili wa nje wakusifu?

Mwaka huo yeye na mume waliyeachana naye walikubaliana mtoto aulizwe anataka kuishi na nani. Mtoto akasema kwa baba, tena bila kununa, huku akifunga kamba za viatu. Mama akajipa moyo kwamba ni hasira za kitoto, zitaisha kabla ya Jumamosi, siku ya baba kuja kumchukua.

Hazikuisha. Ijumaa, kipindi cha mwisho, mkono wa binti ukainuka.

"Haya, soma wewe."

Mtoto akasoma. Akamgombanisha bibi wa kwenye hadithi na kuku wake mpaka wenzake wakashika mbavu. Kuku alipopotea akaishusha sauti, na hata yule waliyemwita Redio kwa kutokujua kunyamaza, akanyamaza. Mwalimu alisimama na chaki mkononi. Watoto wa watu aliwajua mmoja mmoja, nani humeza maneno, nani hukimbilia nukta. Wa kwake hakumjua.

Kengele ilipolia na darasa likatoka, alimbakisha.

"Mwanangu, nani kakufundisha kusoma hivyo?"

"Si wewe? Unatufundisha kila siku."

"Na zile sauti za bibi?"

"Huwa namsomea baba kwenye simu. Nikikosea ananiambia nirudie. Juzi alicheka mpaka akapaliwa."

"Mbona mimi hukunisomea?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao, bila kinyongo. Afadhali kingekuwepo kinyongo, kinyongo huombewa msamaha.

"Nilikuwa nainua mkono, mama."

Mwalimu akaiweka chaki mezani. "Baki basi," akasema. "Utanisomea kila siku, nyumbani, sisi wawili tu."

Binti alifikiri kwa adabu, vile mtu anavyofikiria jambo alilokwisha kuliamua.

"Nitakuwa nakupigia simu," akasema. "Na wewe nitakusomea."

Mwalimu akaketi kwenye dawati dogo la mbele, akalia bila kujificha, na mtoto akasimama kando yake akimpapasa bega na kumwambia kwamba kwa baba si mbali.